Shule Isiyotoa Hesabu Yafundishaje Biashara?

Wazee walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii watoto wetu waijua kwa moyo, nao huiandika katika mitihani bila kukosa hata herufi moja. Walakini mwaka jana ilitugeukia sisi walimu wenyewe, nasi twaona yafaa wasomaji waisikie habari hiyo, ingawa haituletei sifa.

Kilikuwa kipindi cha biashara, kidato cha pili. Ubaoni palikuwa pameandikwa maana ya faida, kwamba ni fedha imbakiayo mtu akiisha kuondoa gharama zake zote katika mauzo. Watoto walikwisha nakili, na mwalimu alikuwa akitafuta mfano. Ndipo mtoto mmoja wa kike, ambaye siku zote husema kidogo, aliposimama akasema: "Mwalimu, tutumie shamba letu la shule. Sisi tulilima, tukapalilia, tukavuna. Magunia yalikuwa mangapi, na yaliuzwa kwa bei gani?"

Mwalimu hakuwa na jibu. Aliuliza ofisini, na ofisini nako hapakuwa na jibu. Si kwamba fedha ziliibiwa. Twajua zilikokwenda, maana paa la jiko lilitengenezwa na mlinzi alilipwa. Lakini hakuna aliyeandika idadi ya magunia, wala bei, wala gharama ya mbegu na mbolea. Watoto zaidi ya mia mbili walikuwa wamefanya kazi katika shamba la eka tatu tangu masika hata mavuno, na katika shule nzima hapakuwa na mtu mmoja aliyeweza kuwaambia kama kazi yao ilileta faida au hasara. Basi mwalimu akarudi kitabuni, akawapa mfano wa mtu aliyenunua mashati kumi akauza manane. Watoto wakatafuta faida ya mashati ya mtu asiyekuwako, na mahindi yao wenyewe wakayaacha.

Neno letu katika ukurasa huu ni moja. Shule isiyotoa hesabu ya mali yake mbele ya watoto walioitolea jasho haiwezi kufundisha biashara, hata ikipewa vitabu vizuri na walimu wenye shahada. Itakuwa kama kumfundisha mtu kuogelea juu ya mkeka.

Twaandika sasa kwa sababu jambo hili si dogo tena. Zamani masomo ya biashara na utunzaji wa vitabu vya hesabu yalikuwa ya wachache waliochagua mchepuo huo. Lakini Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilitolewa upya katika toleo la 2023, na katika mtaala mpya somo la biashara liliwekwa miongoni mwa masomo ya lazima kwa watoto waingiao kidato cha kwanza. Na kwa kuwa tangu mwaka 2016 ada iliondolewa katika sekondari za serikali hata kidato cha nne, waingiao ni wengi, nao ni watoto wa kila nyumba, ya mkulima na ya mchuuzi. Fikira atakazokuwa nazo kijana wa nchi hii juu ya mali, na deni, na uaminifu wa fedha, huenda zitatoka katika vipindi hivi. Sisi hatulipingi somo hili. Tulikuwa tukilingojea. Twapinga namna lifundishwavyo.

Watu wa siku hizi wameliunda neno ujasiriamali, nalo ni neno zuri, maana ndani yake mna ujasiri tena mna mali. Lakini tazameni. Mwalimu huandika ubaoni sifa kumi za mjasiriamali: huthubutu, huvumilia, hubuni, na nyingine. Watoto huzinakili na kuzikariri. Azikumbukaye zote kumi hupata alama zote, na azikumbukaye nne hupata nne. Hivyo mtoto mwoga kuliko wote darasani, asiyethubutu hata kuomba ruhusa akanywe maji, aweza kuwa wa kwanza katika ujasiri. Nasi twasahihisha, twaweka alama ya vema, twaendelea na sura ya pili.

Tena hayo yote hufundishwa kwa Kiingereza, maana ndiyo lugha ya kufundishia katika sekondari zetu. Hatutaki leo kuingia katika mabishano ya lugha, ambayo yangejaza gazeti zima. Twasema hili tu: katika mnada wetu wa Jumamosi hatujamsikia bado mnunuzi aulizaye bei ya nyanya kwa Kiingereza, wala mdeni aombaye kuongezewa siku kwa lugha hiyo. Mtoto ajua jina la Kiingereza la kila namna ya mtaji, lakini hajui kumwambia mjomba wake kwa adabu kwamba deni la juzi halijalipwa. Na hilo la pili ndilo gumu. Sisi twadhani kwamba maduka ya vijiji vyetu yaliyofungwa kwa sababu ya wajomba ni mengi kuliko yaliyofungwa kwa sababu ya mtaji.

Liko kosa jingine, wala si la walimu. Ni la wageni wa heshima waletwao siku ya mahafali. Mgeni huvishwa skafu, huketi penye kivuli, kisha husimama akasema: "Vijana, msingoje kuajiriwa, jiajirini!" Watoto hupiga makofi. Mgeni hupanda gari lake, na gari lenyewe ni la mwajiri wake, akaenda zake. Hatusemi kwamba neno lake ni uongo mtupu, maana kazi za ofisini hazitoshi, na kila mzazi ameyaona hayo nyumbani mwake. Lakini mtoto aliyekaa miaka minne akiambiwa kwamba mjasiriamali hashindwi, akitoka akashindwa, hujilaumu mwenyewe. Husema, Sikuwa jasiri. Wakubwa nao hupona lawama. Somo la biashara lisifanywe pazia la kufunikia ukosefu wa kazi.

Jirani zetu wa Rwanda walitutangulia katika njia hii, na yafaa tuwatazame. Huko somo la ujasiriamali ni la lazima katika sekondari tangu mwaka 2009, na mwaka 2016 mtaala uligeuzwa ili watoto wajifunze kwa kutenda kuliko kwa kunakili. Wataalamu wawili, Moussa Blimpo na Todd Pugatch, walilipima jambo hilo katika shule 207. Zilipigiwa kura, walimu wa shule zilizoangukiwa na kura wakapewa mafunzo marefu ya kufundisha kwa vitendo, na nyingine zikaachwa ziendelee na desturi yake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Walimu waliofunzwa waligeuka kweli katika ufundishaji wao. Wanafunzi wenye kushiriki katika biashara nao waliongezeka, watano zaidi katika kila mia. Lakini wafanyao kazi za ujira walipungua kwa kiasi kama hicho, wala mapato yao kwa jumla hayakuzidi. Yaani, watoto wengine walihama kutoka kibaruani wakaenda gengeni, na mfuko ukabaki vile vile.

Mtu asisome habari hii akasema kwamba somo halina maana. Twamwomba tu mgeni wa mahafali apunguze ahadi zake.

Basi ikiwa somo haliwezi kuahidi utajiri, lafaa nini? Hapa ndipo tulipo mbali na wengi. Sisi twasema somo la biashara lafaa kumfanya mtu awezaye kushika fedha ya wenzake na kuirudisha ikiwa kamili, na awezaye kusimama bila matusi mbele ya mtu aliyeshika fedha yake na kumwuliza, Iko wapi? Watu wa namna hii wakiwa wengi kijijini, biashara zitapatikana. Wakikosekana, hata fedha ikinyesha kama mvua itakwenda na maji.

Na ajabu ni kwamba kijiji chetu chajua mambo haya, isipokuwa shule tu. Tazameni kanisa. Matoleo huhesabiwa na wazee zaidi ya mmoja, nayo husomwa mbele ya watu: Jumapili iliyopita tulipata kiasi hiki, wiki hii tumetumia kiasi hiki kwa mafuta ya taa na saruji. Bibi kizee aliyetoa shilingi mia mbili husikia mia mbili yake ndani ya jumla ile. Tazameni tena vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopa. Sanduku lao ni la chuma, lina kufuli tatu. Funguo hukaa kwa wanachama watatu mbalimbali, na yule atunzaye sanduku nyumbani mwake hana ufunguo hata mmoja. Kila wiki hununua hisa, hukopa, humtoza faini aliyechelewa, na fedha huhesabiwa kwa sauti mbele ya wote. Mwaka ukiisha huvunja na kugawana kwa kadiri ya hisa. Wengi wa mama hao waliishia darasa la saba, na wengine hawakufika. Tukiwaweka pamoja na vijana wetu waliopata alama nzuri katika biashara, ni nani mfanya biashara? Jibu twalijua, nalo latutia haya.

Wala jambo hili si la jana. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walikuwa na chama chao tangu mwaka 1925, na mwaka 1933 ukaanzishwa ushirika wao mkuu, KNCU. Wale hawakuhubiriwa habari za kujiajiri. Walikuwa na mti, na debe, na mizani, na walitaka kujua bei. Lakini wao nao walionja uchungu tunaousema. Mwaka 1937 palitokea ghasia huko, wakulima wakiunung'unikia ushirika ule ule kwa ajili ya bei na kwa ajili ya mamlaka yake. Mtu aliyeleta kahawa yake na asielewe jinsi bei ilivyokatwa humchukia mwenye mizani, hata mizani ikiwa ya kweli. Na mwaka 1976 serikali ilipovivunja vyama vikuu vya ushirika nchini kote, wakulima walipokonywa chombo chao. Ilipofika mwaka 1982 sheria ikavirudisha. Katika miaka ile kijana wa kijijini hakuwa na mkutano mkuu wa kwenda kusikia hesabu ikisomwa na kubishaniwa. Twaona hasara hiyo bado hatujaimaliza kuilipa.

Wako watakaotujibu hivi: Mbona daftari mmelikuza mno? Katika mji wa Lomé, huko Togo, wafanya biashara wadogo 1,500 walishirikishwa katika jaribio. Wengine walifundishwa mambo ya kawaida ya biashara, hesabu zikiwamo, wengine wakafundishwa kuanza jambo wenyewe na kutongoja kusukumwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: hawa wa pili faida zao zilizidi kwa thelathini katika mia, na wale wa kwanza hawakupata ongezeko la kutegemewa. Habari hii ni ya kweli, nasi twaikubali. Lakini watu wale wa Lomé walikuwa watu wazima, wenye biashara zao tayari, kila jioni wakizijibia fedha zao wenyewe. Walikwisha ungua kidole. Watoto wetu hawajashika sufuria. Tena lililofanikiwa Lomé halikuwa kukariri sifa kumi. Ni kutenda, na kufuatwa katika biashara zao wenyewe kuonekana kama wametenda. Kwa hiyo jirani huyu atupinga kwa jambo dogo, na kwa jambo kubwa yuko upande wetu.

Sasa twende kwenye jeraha lenyewe, ambalo wazazi wengi wasomao gazeti hili walilipata katika miili yao.

Machi 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitoa maandishi yake ya Elimu ya Kujitegemea. Watu wengi wakumbuka jembe lililomo katika maandishi yale. Wachache wakumbuka kwamba imo na hesabu. Alitaka kila shule iwe na shamba au karakana iwe sehemu ya shule yenyewe, lakini alitaka pia wanafunzi washiriki katika kuamua mambo ya shamba hilo. Akatoa mfano: wao wenyewe waamue kama fedha waliyoipata ikodishe trekta ya kutayarisha shamba, au itumike kwa jambo jingine nao walime kwa mikono. Fikirini, wasomaji. Mtoto wa shule na wenzake wameketi, mbele yao ziko fedha walizozipata, nao wabishana: trekta au mikono? Somo zima la biashara limo katika mabishano hayo.

Je, ndivyo ilivyokuwa? Katika shule nyingi tulizosoma sisi, jembe lilichukuliwa na uamuzi ukaachwa. Aliyechelewa namba alipelekwa shambani. Aliyepiga kelele darasani alipimiwa hatua kumi za kulima. Kazi iliyokusudiwa kuwa heshima ikawa fimbo. Mavuno yakaja, lori likaja, magunia yakapakiwa, na mtoto hakuambiwa neno. Alijifunza, tena alijifunza vizuri sana, kwamba mwenye kulima si mwenye kuuliza.

Kwa hiyo mzazi mmoja alipotujia shuleni na hasira, hatukumshangaa. Ni baba mtu mzima, mcha Mungu, naye alianza kwa salamu zote kama ipasavyo, kisha akasema: "Walimu wangu, sisi tuliwabebea walimu wetu kuni na maji, tukawalimia. Sikumleta binti yangu hapa ili auze maandazi. Nimemleta asome." Wenzetu wengine walimcheka alipoondoka, wakamwita mtu wa zamani. Sisi hatukucheka. Mzee huyo asema kweli tupu kuhusu yaliyopita, na hofu yake juu ya yajayo ina sababu. Mtoto atumikishwaye kwa jina la somo ni mtoto anayeibiwa. Twamwambia mzee huyo jambo moja: tofauti ya kutumikishwa na kufundishwa ni hesabu. Alipobeba kuni, je, aliwahi kuambiwa thamani yake? Binti yake ameambiwa, na hesabu hiyo aliiandika kwa mkono wake mwenyewe.

Maandazi aliyoyataja mzee yalikuwa hivi. Baada ya aibu ile ya magunia, tuliomba ruhusa, tukawakopesha watoto kumi na wawili shilingi 40,000 za mtaji. Siku ya kwanza walinunua unga kilo sita kwa shilingi 12,000, sukari kilo moja kwa 3,000, mafuta lita mbili kwa 10,000, hamira na iliki kwa 1,000, jumla 26,000. Kuni walitoka nazo nyumbani. Wakaamka saa kumi na moja alfajiri, wakapata maandazi 160, wakayauza kwa shilingi 200 kila moja. Kabla ya kuuza walikwisha andika daftarini kwa wino mwekundu: mauzo 32,000, faida 6,000. Tukanyamaza.

Jioni wakafungua sanduku, wakakuta shilingi 25,800.

Palikuwa na ukimya, kisha palikuwa na kelele. Mmoja akasema fedha zimeibiwa. Mwingine akasema maandazi yalihesabiwa vibaya. Mwisho yule mtoto wa kike, ambaye ndiye aliyekuwa mweka hazina wao, akatoa karatasi iliyokunjwa: maandazi 31 yalichukuliwa kwa mkopo, nayo ni shilingi 6,200. Wadeni walikuwa rafiki na ndugu. Na katika wadeni hao, twaona haya kuandika, walikuwamo walimu wawili. Ndipo mtoto mwingine akauliza kuhusu kuni. Mama yake huuza kuni, naye ajua kwamba mizigo miwili ile ingeuzwa 3,000. Wakaiandika. Basi hata wadeni wote wakilipa, faida si 6,000, ni 3,000; na wadeni wasipolipa, ni hasara. Iliwachukua siku tisa kukusanya madeni. Mwalimu mmoja alilipa siku ya tisa, baada ya jina lake kusomwa mbele ya darasa kwa adabu kubwa: "Mwalimu wetu mpendwa, maandazi manne."

Siku hizo tisa hakuna kitabu kiwezacho kuzifundisha. Tangu wakati huo watoto hao hawaandiki faida kabla ya jua kuzama.

Tukamsimulia mkuu mmoja wa shule nyingine habari hii, tukidhani atafurahi. Akatikisa kichwa. "Mkiwazoeza watoto kuuliza fedha ya maandazi," akasema, "kesho watauliza fedha ya shamba, na kesho kutwa fedha ya chakula." Tukamjibu, "Ndiyo, Mwalimu." Mazungumzo yakaisha hapo, na chai yetu tukainywa kimya. Lakini mkuu huyo alilisema wazi lile ambalo wengi hulificha. Kinachozuia somo hili si ukosefu wa vitabu peke yake, wala uchache wa walimu wa biashara, ingawa ni wachache kweli. Kinachozuia ni hofu. Mtoto aliyefundishwa biashara sawasawa ni mkaguzi aliyevaa sare ya shule.

Nasi twadai hiyo hofu ishindwe. Twadai kila shule yenye shamba, au bustani, au kuku, au duka la madaftari, iwe na kitabu cha hesabu kinachoandikwa na wanafunzi chini ya macho ya mwalimu, na hesabu hiyo ibandikwe mlangoni pa ofisi kila muhula, ikasomwe katika mkutano wa wazazi kama matoleo yasomwavyo kanisani, hasara ikisomwa kwa sauti ile ile isomayo faida. Twadai alama za mtoto katika somo hili zitoke kwanza katika daftari hilo, ndipo katika sifa kumi. Na shamba lisilotolewa hesabu, twawaambia wazazi bila kuficha, lisilimwe na watoto wenu. Kataeni. Njoni ofisini kwa upole, ulizeni magunia, na mkikosa jibu, mchukueni mtoto nyumbani siku ya kupalilia, akapalilie shamba la bibi yake, ambako walau atakula mahindi hayo.

Wenzetu walimu watasema tumewauza. Hatukuwauza; deni la magunia ya mwaka jana ni letu, wala hatujui namna ya kulilipa, kwa maana magunia yasiyoandikwa hayahesabiki tena. Tumeweza kuanza mwaka huu tu. Mvua ilikatika mapema, na eka tatu zilitoa magunia 17, yakauzwa 60,000 kila moja, jumla shilingi 1,020,000. Trekta, mbegu, mbolea, dawa ya viwavi, magunia matupu na usafiri vilichukua 919,500. Karatasi iliyobandikwa mlangoni yaonyesha faida ya shilingi 100,500. Chini yake watoto wameongeza hesabu ya pili, ambayo hatukuwaagiza: palizi mbili, kuvuna na kupukuchua, kwa bei wanayolipwa vibarua hapa kijijini, ni 330,000, basi kazi ya mikono yao ikihesabiwa, shamba limepata hasara ya shilingi 229,500.

Mkuu wetu wa shule aliisoma karatasi hiyo asubuhi, akiwa amesimama, akairudia tena. Hakuibandua. Watoto wa kidato cha tatu wameandika barua kuomba kikao naye, wauliza kama mwakani eka mbili zipandwe alizeti, na kama trekta ya lazima. Kikao ni Ijumaa, saa tisa, na yule baba wa binti ametuma neno kwamba atakuja kusikiliza.